Kumng'oa kitini au kumfikisha kizimbani? Ulinganisho kwa vijiji na AMCOS (vyama vya ushirika wa mazao) za Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukiisha na makato yakishaingia, ndipo maswali huanza, kuanzia Newala na Tandahimba hadi Ruangwa na Liwale: fedha ya zahanati iko wapi, boma la darasa limeishia kwenye linta kwa nini, na nani alisaini fedha itoke benki. Jibu likikosekana, mkutano hugawanyika. Wengine wanataka mwenyekiti aondoke leo hii. Wengine wanataka afungwe. Wote wana haki ya kukasirika, ila wanadai mambo mawili yanayoamuliwa na watu tofauti, kwa vipimo tofauti vya ushahidi, na kila moja huacha pengo ambalo jingine haliwezi kuliziba.

Kumwondoa mtu madarakani kunalinda kiti na mhuri. Kumtia hatiani kunamgusa yeye mwenyewe: uhuru wake, mfuko wake, na wakati mwingine sifa yake ya kugombea. Anayeondolewa na mkutano hapati rekodi ya jinai. Anayeshitakiwa mahakamani huwa nje kwa dhamana, na kama hakuna aliyemwondoa, anaendelea kuitisha vikao huku shauri lake likipigwa tarehe. Ndiyo maana kabla ya kuchagua njia, kijiji kikubaliane kwanza kinataka kupata nini: kiti, fedha, adhabu, au uhakika kwamba huyu hatagombea tena.

Katiba inavyotenganisha mambo haya

Mgawanyo huu umeandikwa wazi kuliko kwingine kote kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika masharti yanayomhusu Rais. Ibara ya 46 inakataza kumfungulia Rais mashtaka ya jinai akiwa madarakani. Ibara ya 46A inaliachia Bunge kazi ya kumwondoa, na sababu zake tatu hazihitaji awe ametenda kosa la jinai: vitendo ambavyo kwa jumla vinavunja Katiba au sheria ya maadili ya viongozi wa umma, kukiuka masharti ya ibara ya 20(2) kuhusu uandikishaji wa vyama vya siasa, na mwenendo unaodhalilisha kiti cha Rais. Kwa hiyo ya tatu hakuna hakimu awezaye kumfunga mtu, lakini inatosha kumng'oa.

Kwa kuwa sababu ni pana, taratibu zimewekwa ngumu. Taarifa ya maandishi isainiwe na wabunge wasiopungua asilimia 20 na imfikie Spika siku 30 kabla ya kikao. Theluthi mbili ya wabunge wote wakubali kuunda kamati ya uchunguzi ya watu 9, mwenyekiti wake akiwa Jaji Mkuu wa Tanzania na Jaji Mkuu wa Zanzibar akiwa mjumbe. Kamati ina siku zisizozidi 90 kutoa taarifa. Kisha Bunge lipige kura, na theluthi mbili ipatikane kwa mara nyingine. Hoja ikikataliwa, nyingine ya namna hiyo haiwezi kuletwa mpaka ipite miezi 20.

Tuhuma zikithibitika, Rais anatakiwa kujiuzulu ndani ya siku 3 na anapoteza pensheni na mafao. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kwa kawaida Rais mstaafu hawezi kushitakiwa kwa aliyoyafanya kama Rais. Kinga hiyo haimfuati aliyeondoka kwa njia ya 46A. Hapa kuondolewa ndiko kunakofungua njia ya mahakamani. Tanzania haijawahi kuitumia ibara hii hata mara moja, lakini mpangilio wake unafundisha: kiti kwanza, kesi baadaye.

Jirani zetu Kenya walitumia utaratibu wao Oktoba 2024, pale Seneti ilipomwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua baada ya kuona mashtaka 5 kati ya 11 yamethibitika. Hakuwa ametiwa hatiani na mahakama yoyote kwa mashtaka hayo, wala haikuhitajika.

Njia ya mkutano

Kwenye kijiji, nguvu ya kuondoa iko karibu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inaupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, mamlaka ya kuchagua halmashauri ya kijiji na pia kumwondoa mjumbe mmoja au wote. Mkutano huo unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu, na ndipo mapato na matumizi husomwa. Robo mbili zikipita bila mkutano, hilo peke yake ni hoja ya kupeleka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri.

Uzuri wa njia hii ni wepesi wake. Hamhitaji kuthibitisha bila kuacha shaka kwamba mtu ameiba. Inatosha mkutano uridhike kwamba ameshindwa kueleza fedha zilikokwenda, au ametoa ardhi ya kijiji bila kikao. Udhaifu wake ni kwamba haurudishi hata shilingi, na hubatilika kirahisi mkikosea taratibu. Vijiji vingi huangukia hapo, kwa makosa yaleyale.

La kwanza ni ajenda. Kura ya kutokuwa na imani ikiingizwa kwenye "mengineyo", mhusika atasema hakupewa taarifa, naye atakuwa na haki. Andikeni kwenye tangazo: "Tuhuma dhidi ya Mwenyekiti na kura ya kutokuwa na imani". Mpeni tuhuma kwa maandishi, na siku za kutosha kuandaa majibu. La pili ni nani anaendesha kikao. Anayetuhumiwa hawezi kuongoza ajenda inayomhusu. Mkutano uchague mwenyekiti wa muda, na hilo liandikwe. La tatu ni akidi. Kabla ya kura, mtu asome kwa sauti akidi na kiwango cha kura kama vilivyo kwenye kanuni, watu wahesabiwe, na kila kitongoji kiwe na karatasi yake ya mahudhurio yenye saini au dole gumba. Kelele za "ndiyooo" hazihesabiki. Wanaotakiwa kwenye muhtasari ni waliokubali, waliokataa na wasiopiga, kwa tarakimu.

Kosa la nne ndilo baya zaidi. Katibu wa mkutano ni mtendaji wa kijiji, na kama fedha zilitoka kwa saini yake na ya mwenyekiti, muhtasari huo una njia nyingi za kupotea. Wekeni mwandishi wa pili, msaini nakala mbili palepale kabla watu hawajatawanyika, moja iende kwa mtendaji wa kata na nyingine kwa Mkurugenzi, na zote zigongwe mhuri wa kupokelewa.

Mjue pia mipaka ya njia hii. Mkutano wa kijiji haumfukuzi mtendaji. Huyo ni mwajiriwa na mamlaka yake ya nidhamu iko halmashauri. Haumwondoi diwani wala mbunge: sheria zetu hazina utaratibu wa wapiga kura kumrudisha nyumbani mwakilishi kabla ya muda wake. Rasimu ya Katiba iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba ililipendekeza jambo hilo kwa wabunge, nayo ikaishia kuwa rasimu. Mwenyekiti wa halmashauri ya wilaya huondolewa na madiwani wenyewe, kwa theluthi mbili. Kwa diwani anayetumia cheo vibaya, mlango uliobaki kwa mwananchi ukiacha jinai ni Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, yenye ofisi ya Kanda ya Kusini mjini Mtwara. Sheria yake ya 1995 inawagusa madiwani, wabunge na wakurugenzi, haimgusi mwenyekiti wa kijiji. Baraza la Maadili linaweza kupendekeza onyo, kushushwa cheo, kusimamishwa, kufukuzwa, kushauriwa kujiuzulu au kuanzishiwa mashtaka. Kwa mbunge uzito ni mkubwa zaidi: ikithibitika amevunja sheria hiyo, Katiba inasema anapoteza ubunge.

Kwa AMCOS, bodi huondolewa na mkutano mkuu wa wanachama kwa kufuata masharti ya chama, kile kijitabu ambacho wengi hawajawahi kukishika. Kiombeni ofisini, ni haki ya mwanachama. Faida ya ushirika ni kwamba yupo Mrajis wa Vyama vya Ushirika, ambaye chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 anaweza kuagiza uchunguzi, na aliyesababisha hasara akaamriwa kulipa. Mwenyekiti wa kijiji hana chombo cha namna hiyo juu yake, kwa hiyo mwenye malalamiko ya AMCOS anaanza na silaha moja zaidi. Itumieni mapema, kabla malipo ya msimu mpya hayajaanza kupita kwenye mikono ileile.

Njia ya jinai

Hapa kipimo kinabadilika. Mwendesha mashtaka lazima athibitishe bila kuacha shaka yoyote ya msingi, na shaka ikibaki, mshitakiwa anaachiwa. "Kila mtu anajua" haiingii kwenye jalada. Kinachoingia ni hati ya malipo, taarifa ya benki, stakabadhi, muhtasari uliodaiwa kuidhinisha matumizi, na shahidi aliyeona au aliyepokea.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ndiyo inayotumika zaidi. Kama ilivyotungwa, adhabu zake haziko sawa. Rushwa ya kifungu cha 15 ina faini ya kati ya shilingi 500,000 na 1,000,000, au kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote. Kutumia nyaraka zenye maelezo ya uongo kumdanganya mwajiri kuna faini isiyozidi milioni 7 au miaka isiyozidi 5. Ubadhirifu na ufujaji wa kifungu cha 28, ambao ndio hasa "kula fedha ya kijiji", una faini isiyozidi milioni 10 au miaka isiyozidi 7. Matumizi mabaya ya mamlaka, kifungu cha 31, yana faini isiyozidi milioni 5 au miaka isiyozidi 3.

Lakini msiishie kwenye takwimu hizo. Makosa ya sheria hii, ukiacha ya kifungu cha 15, yamo pia kwenye jedwali la makosa ya uhujumu uchumi, na mabadiliko ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 20 hadi 30 kwa anayetiwa hatiani kwa makosa hayo. Kosa lilelile la fedha ya boma linaweza kubeba uzito huo kutegemea hati ya mashtaka ilivyoandikwa. Uamuzi huo ni wa waendesha mashtaka. Kijiji hakiulizwi. Anayesema "tumpeleke tu TAKUKURU tumtishe kidogo arudishe" anacheza na jambo asiloweza kulisimamisha baadaye.

Taarifa nzuri kwa TAKUKURU ni ya ukurasa mmoja au miwili: nani, cheo gani, tarehe zipi, kiasi gani, kilitoka akaunti ipi, kilitakiwa kufanya nini, nani mwenye nyaraka sasa, na mashahidi gani wako tayari. Mnaweza kufika ofisi ya wilaya au kupiga 113 bila malipo. Sheria inamlinda mtoa taarifa, ila kutoa taarifa ya uongo kwa makusudi ni kosa, hivyo andikeni mlichoona na mlicho nacho. Dhana waachieni wachunguzi. Toeni nakala, na nyaraka halisi zikichukuliwa, dai hati ya makabidhiano.

Mashauri haya huanguka kwa sababu zinazojirudia. Fedha ilipokelewa mkononi bila stakabadhi, kwa hiyo hakuna anayeweza kuonyesha iliingia. Watia saini ni wawili na hakuna ushahidi wa nani aliishika baada ya kutoka benki. Hakuna ripoti ya mkaguzi, yaani mkaguzi wa ndani wa halmashauri kwa kijiji au COASCO, shirika la kukagua vyama vya ushirika, kwa AMCOS, kwa hiyo kiasi kilichopotea ni cha kukadiria. Mashahidi ni ndugu na majirani wa mshitakiwa, na shauri likichukua misimu miwili wanachoka au wanabadilika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mahakamani huo ni ukweli mtupu.

Kutiwa hatiani kunaacha nini nyuma yake

Watu hudhani aliyewahi kutiwa hatiani hagombei tena maisha yake yote. Siyo hivyo, na tofauti ndogo ndogo zina maana kubwa. Kwa ubunge, ibara ya 67 inaweka vipimo kadhaa. Aliyehukumiwa kifo, au kifungo kinachozidi miezi 6 kwa kosa la utovu wa uaminifu, hana sifa. Aliyefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu au kwa kuvunja sheria ya maadili ndani ya miaka 5 kabla ya uchaguzi, hana sifa. Na aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka 5 kabla ya uchaguzi, hana sifa pia. Hapa sharti halitaji kifungo kabisa. Sharti la kodi lipo hata kwa urais, kwenye ibara ya 39.

Linganisha watu wawili. Mmoja alilipa faini kwa kosa la ubadhirifu na hakukaa jela hata siku moja. Yale masharti mawili yanayotaja kifungo hayamnasi moja kwa moja. Mwingine alilipa faini kwa kukwepa kodi. Huyo amenaswa kwa miaka 5. Kwa hiyo kama lengo lenu ni kuhakikisha mtu hagombei, aina ya kosa na aina ya adhabu vina uzito kuliko neno "hatia". Kwa uenyekiti wa kijiji na kitongoji, sifa zimo kwenye kanuni zinazotolewa kila uchaguzi wa serikali za mitaa. Zisomeni tangazo linapotoka, kwa sababu dirisha la pingamizi huwa fupi mno.

Hukumu nayo siyo mwisho. Kutoka mahakama ya wilaya, mshitakiwa ana siku 10 kutoa kusudio la rufaa na siku 45 kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu, ambayo kwa mikoa yetu miwili iko Mtwara. Rufaa ikifaulu, hatia inafutika pamoja na vikwazo vyake.

Mitego miwili ya mpangilio

Mtego wa kwanza unawahusu waajiriwa: mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, mhasibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 37(5), inazuia mwajiri kumpa adhabu ya nidhamu au kumwachisha kazi mfanyakazi aliyeshitakiwa kwa jinai juu ya jambo lilelile mpaka shauri na rufaa yake viishe. Maana yake, mkikimbilia mashtaka kwanza, mtaendelea kuwa na mtendaji aliyesimamishwa, anayelipwa sehemu ya mshahara, kwa miaka. Kwa hawa, barua kwa Mkurugenzi inayoomba hatua za nidhamu itangulie, yenye viambatisho, na msisitize ishughulikiwe kabla hati ya mashtaka haijasomwa. Uchunguzi wa TAKUKURU unaweza kwenda sambamba; kinachofunga mlango ni kushitakiwa. Mwenyekiti wa kuchaguliwa si mwajiriwa, kwa hiyo kwake zuio hili halipo: mkutano unaweza kumwondoa hata kesi ikiwa inaendelea.

Mtego wa pili ni wa wanaotaka fedha zirudi. Kesi ya madai hupimwa kwa mizani ya uwezekano, yaani upande upi una uwezekano zaidi wa kuwa kweli, rahisi kuliko jinai. Lakini chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai iliyokwisha muda wa rufaa huchukuliwa kuwa uthibitisho kamili wa hatia au kutokuwa na hatia. Mkishinda jinai, madai yanakuwa mepesi. Mkipeleka jinai dhaifu na mtu akaachiwa, kuachiwa huko kutawasimamia mbele kwenye madai. Ushahidi wenu ukiwa wa wastani, yaani unaonyesha fedha haipo lakini hauonyeshi nani alitia mfukoni, ni busara zaidi kuanza na mkutano, ukaguzi na madai, na kuiacha jinai mpaka mkaguzi aseme neno.

Na jinai ikienda, msiisahau fidia. Mahakama ina mamlaka ya kuamuru aliyetiwa hatiani amlipe aliyeathirika, lakini hakimu hawezi kukisia hasara ya kijiji. Mpeni mwendesha mashtaka kiasi kamili na nyaraka zake kabla adhabu haijatamkwa. Tangu 2019 kuna pia makubaliano ya kukiri kosa, ambamo mshitakiwa anaweza kukubali kurejesha fedha ili apunguziwe. Sheria inataka mwathirika ashauriwe pale inapowezekana, na mwathirika asiyejulikana ofisini kwa mwendesha mashtaka hashauriwi. Chagueni wajumbe wawili wa kufuatilia, kwa barua ya mkutano, majina yao yawe kwenye jalada.

Kwa hiyo mchague ipi

Mwenyekiti haeleweki, haitishi mikutano, amegawa eneo la malisho bila kikao, na hamna karatasi ya fedha: mkutano mkuu. Kumpeleka polisi hapo ni kupoteza msimu.

Mwenyekiti na mtendaji wametoa fedha ya zahanati kwa saini mbili na mna taarifa ya benki: kwanza nakala zote ziwe mahali salama nje ya ofisi ya kijiji. Kisha taarifa TAKUKURU kimyakimya, kwa sababu mkianza na mkutano wa hadhara daftari linaweza kutoweka usiku huohuo. Barua ya nidhamu ya mtendaji iende kwa Mkurugenzi wiki hiyohiyo. Mkutano wa kumwondoa mwenyekiti ufuate nyaraka zikishakuwa mikononi mwa wachunguzi. Hakuna kinachozuia vyote vitatu: kuondolewa mkutanoni si hukumu ya mahakama, hivyo hakumpi mtu kinga ya kushitakiwa tena.

Bodi ya AMCOS imepunja uzito au malipo: Mrajis msaidizi wa mkoa na ukaguzi wa COASCO kwanza, mkutano mkuu wa kuiondoa bodi kabla ghala halijafunguliwa kupokea korosho mpya, na jinai kwa wale ripoti itakaowataja kwa majina na kiasi.

Diwani: Sekretarieti ya Maadili kwa mwenendo na mgongano wa maslahi, TAKUKURU kwa fedha. Msitumie nguvu kutafuta kura ya kijiji ya kumwondoa, kwa kuwa haina pa kuishia kisheria.

Mkikwama kwenye uandishi wa tuhuma au barua, watafuteni wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri anaweza kuwaelekeza. Nendeni na nakala, si na nyaraka halisi, na muwaombe wawasomee akidi na siku za taarifa kabla hamjabandika tangazo la mkutano.